Intaneti ndani ya meli ya kitalii: jinsi ya kuipata bila kurudi na deni

Usiku wa pili wa safari yangu ya kwanza kwenye meli ya kitalii niliamka saa tisa, nikainua simu nione ni saa ngapi. Juu ya kioo, pale panaposomeka jina la kampuni yangu ya simu, palikuwa na jina nisilolijua, na kando yake vijiti viwili vya mtandao. Dirishani hapakuonekana taa hata moja. Pande zote bahari tupu. Nikafurahi, nikadhani meli inatugawia mtandao, nikarudi kulala. Kulipokucha picha zote za siku iliyotangulia zilikuwa zimeshajipakia zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Bili ya simu iliyonifuata nyumbani ilikaribia nauli niliyolipia chumba.

Sikuwa nimenunua kifurushi chochote cha intaneti melini, kwa sababu niliona ni ghali. Ndiyo maana hatua hizi nimezipanga kwa kufuata siku: kabla hujalipa nauli, kabla hujafunga sanduku, unapopanda, ukiwa baharini, ukifika bandarini. Sehemu kubwa ya gharama ya intaneti ya melini huamuliwa ungali nchi kavu. Meli ikishang'oa nanga huna tena nafasi ya kulinganisha bei, wala ya kuipigia simu kampuni yako kuuliza.

Ijue mitandao iliyomo melini

Ndani ya meli simu inaweza kushika mitandao ya aina tatu, na kuichanganya ndiko kunakowaponza abiria.

Wa kwanza ni Wi-Fi ya meli. Kuunganisha ni bure, na hata bila kulipa utaweza kufungua programu ya kampuni ya meli: ratiba ya siku, menyu, kuweka nafasi ya chakula cha jioni, kuangalia deni la chumba. Kwenye baadhi ya meli programu hiyo hukuruhusu pia kuandikiana ujumbe na wenzako mlio nao humo humo. Nyingine hutoza ada ndogo kwa hilo. Ukitaka kutoka nje ya meli, yaani kufungua WhatsApp, barua pepe au tovuti, hapo ndipo unaponunua kifurushi.

Wa pili ni mtandao wa simu wa meli yenyewe, na huu ndio ulionipata mimi. Meli nyingi zina vinara vidogo vya simu ndani, vinavyoungana na dunia kwa setilaiti. Huendeshwa na kampuni maalumu, kama vile Wireless Maritime Services, ambayo mtandao wake husomeka Cellular at Sea, au Telenor Maritime. Kwenye simu nyingine hutokea tarakimu zinazoanza na 901, namba iliyotengwa kwa mitandao ya kimataifa isiyo ya nchi yoyote. Kwa kampuni yako ya simu hiyo ni romingi, yaani laini yako kutumia mtandao wa kampuni nyingine, tena ile ya bei ya juu kabisa, na bando za kawaida za kusafiria hazifiki huko. Hata wakazi wa Umoja wa Ulaya, ambao tangu Juni 2017 hutumia simu katika nchi nyingine za Umoja kwa bei ya nyumbani, hawalindwi na kanuni hiyo simu ikishika mtandao wa setilaiti wa meli.

Piga hesabu uone. Asiye na kifurushi cha baharini hutozwa kwa megabaiti, na si ajabu megabaiti moja kugharimu dola kadhaa. Tuseme ni dola 5. Picha moja ya simu ya siku hizi ina megabaiti 3 au 4. Picha kumi zikijipakia zenyewe umelala, umeshatumia dola 150 hadi 200, na hujagusa kitu. Video ya dakika moja sitaki hata kuihesabu.

Wa tatu ni minara ya nchi kavu, meli inapokaribia pwani. Kwa kawaida vinara vya meli huzimwa ikiingia karibu na nchi, mara nyingi ndani ya maili 12 za baharini, na hapo simu hushika mnara wa huko. Angalia tu kwamba pwani unayoiona upande wa kulia inaweza kuwa ya nchi iliyomo kwenye bando lako, na ya kushoto isiwemo. Meli ikipita kwenye mlango-bahari mwembamba, simu huhamahama kati ya nchi mbili bila kukuuliza.

Kwa nini meli moja ina kasi na nyingine inakwama

Katikati ya bahari hakuna waya wala mnara. Kila kitu hupita angani. Kwa miaka mingi meli zilitegemea setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambazo huzunguka sambamba na dunia na hivyo huonekana zimetulia mahali pamoja. Ombi lako hupanda hadi huko, hushuka ardhini, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo yote huchukua karibu nusu sekunde, kabla ya kuongeza muda wa mitambo. Kwa barua pepe hutaona tofauti. Kwa simu ya video mtakatizana kila sentensi.

Setilaiti za Starlink huzunguka chini zaidi, takriban kilomita 550, kwa hiyo jibu hurudi haraka mno. Agosti 2022 Royal Caribbean Group ilitangaza kuifunga Starlink katika meli zake, na kufikia 2024 Carnival Corporation ilikuwa imeshaieneza katika meli zake zote duniani. Kampuni nyingine kubwa nazo zimefuata njia hiyo. Kuna pia setilaiti za O3b za kampuni ya SES, zilizo kama kilomita 8,000 juu, ambazo kwa kuchelewa kwa ishara zinakaa katikati.

Hili linakuhusu unapochagua safari. Simulizi nyingi za kwamba intaneti ya melini haifai kitu zinatoka kwa watu waliosafiri kabla ya mabadiliko hayo. Hata hivyo mipaka ipo. Kwenye ghuba nyembamba zenye milima mirefu kando, dishi la meli linaweza kufichwa anga. Ukielekea kwenye ncha za dunia, setilaiti za juu ya ikweta huonekana karibu na upeo wa macho na ishara hudhoofika. Na baadhi ya nchi hazijairuhusu Starlink, kwa hiyo meli ikiwa ndani ya maji yao hulazimika kutumia njia nyingine, nawe utaona kasi imeshuka ghafla ingawa meli imetia nanga mbele ya mji mkubwa.

Hatua ya 1: Uliza kuhusu intaneti kabla ya kulipa nauli

Nauli ya meli haifanani. Viking huweka Wi-Fi ya kawaida ndani ya nauli, na vivyo hivyo kampuni za daraja la anasa kama Silversea, Seabourn na Regent Seven Seas. Princess Cruises huuza vifurushi vya jumla vinavyochanganya vinywaji, bakshishi ya wahudumu na Wi-Fi. Norwegian Cruise Line kwa miaka kadhaa imekuwa na ofa inayompa abiria dakika 150 za intaneti kwa safari nzima, na dakika 150 ni saa mbili na nusu tu, kwa hiyo neno "bure" lisikufanye uache kusoma masharti.

Ukilinganisha meli mbili, ongeza gharama ya intaneti kwenye zote ndipo uamue ipi ni nafuu. Chukua safari ya siku 7, kifurushi cha dola 25 kwa siku: ni dola 175 kwa kifaa kimoja. Mkiwa wawili, kila mtu na simu yake, ni dola 350. Pengo la nauli lililokuvutia linaweza kuwa limeishia hapo.

Muulize wakala au isome tovuti upate majibu haya: bei ni kwa kifaa au kwa mtu? Ni lazima kununua safari nzima, au kuna kifurushi cha siku moja? Kiasi cha data kina kikomo? Simu za video zimeruhusiwa? Na VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia ya siri?

Hatua ya 2: Pima unachohitaji kweli

Vifurushi vingi viko katika ngazi tatu, hata kama kila kampuni imevipa majina yake.

Ngazi ya chini ni ya ujumbe na mitandao ya kijamii. Inafungua programu zilizotajwa tu, na tovuti nyingine nyingi zimefungwa. Ngazi ya kati inakupa tovuti, barua pepe na benki, lakini video hukatwa. Ngazi ya juu inaruhusu filamu, mikutano ya video na mara nyingi VPN. Kwa ujumla, kwenye meli kubwa tarajia kulipa kati ya dola 15 na 40 kwa siku kwa kifaa kimoja, kutegemea ngazi, kampuni na njia ya safari. Anayenunua siku moja moja hulipa zaidi kwa kila siku kuliko anayenunua safari nzima.

Ushauri wangu: usinunue ngazi ya juu kwa sababu ya hofu. Andika kwenye karatasi mambo matatu ambayo lazima yafanyike mtandaoni katika siku hizo. Kama ni kuwasalimia watoto kwa maandishi, kupokea habari ya mgonjwa nyumbani na kusoma barua pepe jioni, ngazi ya chini au ya kati inatosha. Kama kuna mkutano wa kazi hata mmoja wa video, nunua ya juu na usijaribu kubana hapo; utapoteza zaidi ukikwama mbele ya wenzako. Na kama safari ina bandari karibu kila siku, huenda usihitaji kununua chochote.

Wenye familia waangalie vifurushi vya vifaa vingi. Kifurushi cha vifaa viwili au vinne kwa kawaida hushusha bei ya kila kifaa. Kuna pia njia ambayo wengi hawaijui: kifurushi cha kifaa kimoja kwa kawaida kinaruhusu kifaa *kimoja kwa wakati mmoja*. Unatoka kwenye akaunti ukiwa kwenye simu, mwenzako anaingia kwa jina na nywila ile ile kwenye simu yake. Mimi na mke wangu tumesafiri hivyo kwa wiki nzima: yeye asubuhi wakati wa chai, mimi jioni. Kazi pekee ni kukumbuka kutoka. Ukifunga tu simu na kuiweka mfukoni, akaunti inabaki imekushika na mwenzako anaambiwa kifaa kingine kinatumika.

Simu nyingi za Android zinaweza kupokea Wi-Fi na kuisambaza kwa wengine kwa mtandao-hewa. iPhone haiwezi kufanya hivyo kwa Wi-Fi iliyoipokea. Soma masharti kwanza, maana baadhi ya kampuni hukataza. Ruta ndogo za kusafiria na madishi ya setilaiti ya abiria yako kwenye orodha ya vitu marufuku katika kampuni kadhaa, na vikionekana kwenye ukaguzi wa mizigo hushikiliwa hadi mwisho wa safari.

Hatua ya 3: Nunua kabla ya kupanda

Kampuni nyingi huuza kifurushi kile kile kwa bei ya chini kupitia tovuti au programu yao kabla ya safari, kisha hupandisha bei melini. Bei hizo hubadilika mara kwa mara, na punguzo hutokea misimu ya mauzo. Mahali panaporuhusiwa kufuta na kununua upya kabla ya kuondoka, nunua mapema, kisha chungulia bei kila wiki. Ikishuka, futa uchukue mpya. Hakikisha tu umeona bei mpya mpaka kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo kabla ya kufuta ile ya zamani.

Kama umeshasafiri na kampuni hiyo, angalia daraja lako la uaminifu. Baadhi huwapa wateja wa madaraja ya juu siku ya bure au punguzo, na mara nyingine lazima ulidai mwenyewe kwenye dawati la huduma kwa wageni.

Hatua ya 4: Andaa simu nyumbani

Hapa ndipo ninapoomba utulie, kwa sababu kifurushi kizuri hakiwezi kurekebisha simu ambayo haikuandaliwa.

Anza na namba za uthibitisho. Benki nyingi hukutumia namba ya mara moja kwa SMS kila unapoingia au kulipa. Melini simu yako itakuwa imezima mtandao wa simu, kwa hiyo SMS hiyo haitafika. Utakuwa na intaneti ya bei mbaya mkononi na huwezi kufungua akaunti yako mwenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya benki, barua pepe na akaunti nyingine muhimu, hamisha uthibitisho kwenye programu inayotoa namba ndani ya simu bila mtandao. Zijaribu zote ungali nyumbani, simu ikiwa katika hali ya ndegeni (airplane mode) na Wi-Fi imewashwa. Zinazofunguka hapo zitafunguka na melini. Wajulishe benki pia kwamba unasafiri. Intaneti ya meli inaweza kuonekana imetoka nchi ambayo hujawahi kukanyaga, na mfumo wao ukashtuka.

Kuna njia nyingine ya kupokea SMS na simu: kupiga kwa kutumia Wi-Fi. Kampuni yako ya simu ikiwa na huduma hiyo, na kifurushi cha meli kikiiruhusu, simu iliyo katika hali ya ndegeni itapokea ujumbe na mazungumzo kama kawaida. Iwashe nyumbani, na uulize kampuni inakutozaje ukiwa nje ya nchi, kwa maana si zote zinazoihesabu kama umekaa sebuleni.

Usibadilishe simu wala usifute na kusakinisha upya WhatsApp siku za karibu na safari. Ikishasajiliwa itafanya kazi kwa Wi-Fi bila laini kuwa hewani. Ikitaka kusajiliwa upya, itadai namba ya SMS.

Kisha punguza njaa ya simu. Zima upakiaji wa picha wa kujiendesha, zima masasisho ya programu, zima upakuaji wa video katika makundi ya WhatsApp. Washa kiokoa data. Pakua ramani za miji mtakayofika, lugha za kutafsiri, muziki, filamu na vitabu vya kusoma kwenye mapumziko. Pakua na programu yenyewe ya kampuni ya meli, uingie akaunti yako kabisa, maana foleni ya watu wanaojaribu kuipakua bandarini siku ya kupanda huizidi nguvu Wi-Fi ya pale.

Mwisho wa maandalizi, waachie walio nyumbani jina kamili la meli, namba ya chumba na namba ya dharura ya kampuni. Kampuni ina njia ya kumfikia abiria hata kama simu yake imezimwa. Na kwa mzazi mwenye wasiwasi kuna faraja isiyogharimu chochote: meli za abiria hutakiwa kurusha mahali zilipo kwa mfumo wa AIS, na tovuti kama MarineTraffic huonyesha hilo kwenye ramani. Mama yangu hana haja na ujumbe wangu tena kila saa. Anafungua ramani, anaona kile kidude kinachosogea kuelekea bandarini, anaenda kupika. Katikati ya bahari kuu kinaweza kupotea kwa saa nyingi, kwa hiyo mweleze mapema asije akaogopa.

Hatua ya 5: Weka hali ya ndegeni kabla meli haijaondoka gatini

Washa hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi peke yake. Usitosheke na kuzima data ya ng'ambo. Ukizima data tu, simu bado iko hewani kwa SMS na mazungumzo, na kuna kampuni zinazotoza hata simu ambayo hukuipokea ikaenda kwenye ujumbe wa sauti.

Kama simu ina laini mbili, hakikisha zote zimezimika. Kishikwambi chenye laini kifanyie vivyo hivyo. Na saa ya mkononi! Saa yenye laini yake ya ndani ni simu kamili; wengi huizima simu na kuiacha saa ikizungumza na kinara cha meli mkononi mwao usiku kucha. Kagua na vifaa vya watoto mwenyewe, kimoja baada ya kingine, usikubali tu jibu la "nimeshazima".

Hatua ya 6: Ukiwa baharini

Unganisha Wi-Fi ya meli kwa jina lililoandikwa kwenye kadi au kipeperushi chumbani, si jina lolote linalofanana nalo. Fungua ukurasa wa kuingia, weka namba ya chumba na tarehe ya kuzaliwa au nywila yako, uamilishe kifurushi ulichonunua. Ukurasa usipotokea, fungua programu ya kampuni. Ikigoma, zima VPN, sahau mtandao huo kwenye simu, uunganishe upya.

Meli ni chuma. Kuta za chumba na mlango hula ishara, na vifaa vya kusambaza Wi-Fi mara nyingi viko kwenye dari ya korido. Katika safari moja chumba chetu kilikuwa na vijiti vitatu karibu na mlango na kimoja tu juu ya mto. Nilivuta kiti, nikakiweka kati ya kabati na mlango wa kuingilia, na hapo ndipo palipokuwa ofisi yangu siku nane. Kabla hujaenda kulalamika, tembea hatua tano kuelekea koridoni ujaribu tena.

Wakati nao una bei yake. Abiria maelfu hugawana njia moja ya kwenda angani. Siku ya baharini tupu, mchana na jioni kabla ya chakula, kila mtu yuko mtandaoni. Alfajiri ni shwari, na vilevile wakati wa maonyesho ya ukumbini. Siku ya bandari, wengi wakiwa wameshuka, aliyebaki melini hupata kasi nzuri kuliko zote. Simu ya video ya familia ipange saa hizo, na kumbuka kwamba saa ya meli na saa ya nyumbani zinaweza kupishana zaidi kadiri mnavyosonga.

Wenye vifurushi vya dakika wana kanuni moja ya kushika: ingia, fanya, toka. Andika barua pepe zako kabla ya kuingia. Ukimaliza, rudi kwenye ukurasa wa akaunti ubonyeze kutoka, usubiri mpaka uone maandishi kwamba umetoka. Dakika huendelea kuhesabika hata kioo kikiwa kimezima.

Mtandao ukikatika kwa saa nyingi au kwa siku nzima, weka kumbukumbu: tarehe, saa, picha ya kioo cha simu. Nenda dawati la huduma kwa wageni siku hiyo hiyo, ueleze kwa upole, uombe kurudishiwa sehemu ya malipo. Masharti mengi hayaahidi kurudisha fedha, ila nimewahi kurudishiwa siku mbili kwa sababu tu nilikuwa na saa na picha, wakati aliyetangulia mbele yangu alikuwa na hasira peke yake.

Hatua ya 7: Bandarini

Kwa safari yenye bandari nyingi, nchi kavu ndiyo intaneti ya bei nzuri. Nunua eSIM, yaani laini ya simu isiyo na kadi, ya eneo zima la safari kabla ya kuondoka, uisakinishe nyumbani, kisha uiwashe ukishashuka. Kabla ya kununua, hesabu nchi moja moja kwenye orodha yake dhidi ya ratiba ya meli. Visiwa vidogo ndivyo vinavyosahaulika. eSIM hizo hutegemea minara ya nchi kavu, kwa hiyo usizinunue kwa matumaini kwamba zitafika bahari kuu.

Kumbi za abiria bandarini na mikahawa ya jirani mara nyingi huwa na Wi-Fi. Ukitaka kujua iliyo nzuri iko wapi, tazama wanakoelekea wafanyakazi wa meli wakipewa mapumziko. Wao hukaa baharini miezi mingi, wana watoto na wazazi mbali, na kila bandari wanajua ni meza ipi mtu anaweza kuongea na nyumbani kwa utulivu. Ukikuta meza zimejaa mabaharia walio kwenye simu na familia zao, maliza haraka uwapishe.

Ukirudi melini, rudisha hali ya ndegeni ukiwa bado ngazini. Meli ikishaondoka utakuwa umejisahau kwenye sitaha unapiga picha za machweo, na kinara cha meli kitawashwa wakati huo huo.

Hatua ya 8: Usiku wa mwisho

Fungua deni la chumba kwenye programu ya meli uangalie mistari ya intaneti. Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni mawili: kifurushi kilichonunuliwa kabla ya safari kutozwa tena melini, na mtoto kununua kifurushi cha siku kwa kubonyeza tu, kwa sababu malipo huenda moja kwa moja chumbani. Pinga usiku huo, foleni ya asubuhi ya kushuka ni ndefu na muda hautoshi.

Asubuhi, iache simu katika hali ya ndegeni mpaka uwe umeshuka ngazi na miguu iko gatini. Ndipo uitoe, usubiri dakika moja, usome jina la mtandao juu ya kioo. Likiwa ni la kampuni ya nchi kavu unayoitambua, washa data.